Chanuo la Mpingo na Manyoya ya Ruksa

Ngulyati, Bariadi
14 Mei 1995

Mwanangu Flora,

Mwangaluka. Huku tuko wazima. Bibi yako Nyanjige anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo ujue afya ipo. Sabuni uliyomkabidhi mwalimu nimeipata, Mungu akuzidishie.

Ninalokuandikia ni habari ya Ruksa. Unayajua manyoya yake. Kosa si lake, ni la mama yake, yule mbwa wa wazungu wa visima, aliyemwachia manyoya ya nchi za baridi kisha akapanda gari na wazungu wake akaenda zake. Sasa mvua zimemharibu kabisa. Tumboni ameshikamana, nyuma ya masikio kuna mafundo magumu, na mbigili zimemjaa hadi katikati ya vidole. Akijikuna, manyoya yanapeperuka nyumba nzima. Na pamba imeanza kupasuka, si muda mrefu tutakuwa tunachuma.

Kaka yako Masunga ametoa tamko. Unakumbuka msimu uliopita karani wa chama cha msingi alivyochomoa manyoya meusi kwenye pamba yetu, akaishusha yote kutoka safi kuwa fifi, pamba niliyoichambua kwa mikono yangu. Mwaka huu wanakuja wanunuzi wa kampuni. Hao, wanasema watu, wakikuta uchafu wa mnyama hawakushushii daraja, wanakurudishia mzigo wako ukaulalie. Basi Masunga akasimama mlangoni: "Mayu, siku ya kuuza likionekana nyoya moja tu, Ruksa nampeleka porini, na nitarudi peke yangu." Mkuki ameshautoa kwenye paa, ameuegemeza ukutani niuone kila nikipita.

Siwezi kumlaumu, ana watoto wa kulisha. Kumfunga Ruksa mbali na chumba cha pamba nako hakufai, maana mwaka huu wezi wa pamba ni wengi kuliko wanunuzi. Lakini Flora, mwaka jana malaria iliponiangusha shambani kwenye mvua, nani alikwenda kusimama barabarani akawabwekea wanawake waliotoka mnadani mpaka wakamfuata? Masunga alikuwa mjini. Wewe ulikuwa Maswa. Mimi nilikuwa chini, mdomo umejaa udongo. Kama si yule mbwa, leo habari zangu ungezipata kwa barua ya mtu mwingine.

Nimeamua kumtunza mwenyewe hapahapa nyumbani: kumchana, kumpunguza, kumwogesha. Shida ni vifaa. Kitana changu kimebaki na meno matatu. Nitamwandikia Mwanne wa Lamadi, yule tuliyelazwa naye. Tangu biashara zifunguliwe duka lake lina kila kitu. Ila sitamwambia kwamba ni vya mbwa. Yule ni Mwislamu wa kuswali, nikimtajia mbwa ataona nimemvunjia heshima.

Wewe uliyeko huko kwenye kinu cha pamba, niulizie wapokeaji wa pamba wanaangalia nini hasa.

Mama yako,
Klementina


Ngulyati
15 Mei 1995

Mdogo wangu Mwanne,

Salamu kutoka kitanda cha dirishani kwenda kitanda cha ukutani. Kila nikikoroga uji wa ulezi nakukumbuka ulivyoukataa pale wodini Bariadi, ukasema ni udongo uliotiwa sukari. Muuguzi hajakusamehe mpaka leo, nilikutana naye sokoni.

Nina mmoja hapa nyumbani, nywele zimemsokotana vibaya. Ni ndefu, hazichaniki, na akiguswa anageuza kichwa kwa maumivu. Hawezi kupelekwa popote kutengenezwa, ni mimi wa kumhudumia uani. Nisaidie vifaa: kitu cha kuchania chenye meno yasiyovunjika, brashi, na mkasi unaokata kweli. Visiwe vya fahari. Viwe vya bei ya watu wa pamba kabla ya msimu, unaijua hiyo bei, lakini vidumu. Nitakuletea choroko, mwaka huu zimekubali.

Ni jambo la haraka kidogo. Msimu ukianza sitakuwa na nafasi, na yeye hatakuwa na muda.

Dada yako,
Klementina


Lamadi
1 Juni 1995

Dada Klementina,

Barua yako nimeisoma nimesimama dukani, mteja akaniuliza nacheka nini. Ule uji ulikuwa udongo, na leo nasema hivyohivyo.

Hukutaja jina lakini nimeelewa. Ni mama mkwe wako, Bi Nyanjige. Ulinieleza wodini kwamba mzee amechoka na hataki kushikwashikwa. Wangapi siku hizi wanamhudumia mkwe kwa mikono yao? Mungu akuone.

Sasa nisikilize, maana hii ndiyo kazi yangu. Siku hizi mzigo ni mwingi na uongo ni mwingi. Hivi vitana vya plastiki vya Dubai vina rangi za kupendeza, lakini jino la kwanza huvunjika mteja hajafika kwake. Nimekuwekea kimoja cha buluu kwa sababu ni cha bei ya bure, usikitegemee. Brashi nimeichagua mwenyewe kwenye robota la mitumba: mpini wa mbao, nywele ngumu. Huyo aliyeitupa Ulaya hakujua anatupa nini. Mkasi usije ukanunua ile mipya inayong'aa, skurubu zake zinalegea kwa wiki. Huu ni wa fundi cherehani, umeshatumika na umenolewa. Na mafuta ya nazi chupa moja.

Kuchana ni hivi. Paka mafuta kwenye fundo, subiri lilainike. Shika nywele karibu na ngozi ili asivutwe, anzia nchani, panda polepole. Fundo likigoma, lipasue kwa urefu kwa ncha ya mkasi, kisha endelea. Usilikate zima, utamwachia kipara.

Kuna kitu kingine humo ambacho hakikutoka dukani. Chanuo jeusi la mpingo, meno mapana. Ni la marehemu mama yangu. Alichongewa Tabora kabla hajaolewa, akatuchania sote nalo, mimi na dada zangu. Halivuti wala halikwaruzi. Sijawahi kumpa mtu.

Wewe ulinichana wodini wakati siwezi kuinua mkono, ndugu zangu hawajui niliko, na muuguzi amesema ninyolewe tu kwa kuwa kichwa kizima kimekuwa fundo moja. Ukashuka kitandani kwako na homa yako, ukakaa ukingoni kwangu, ukafungua nywele kwa vidole mpaka zikaisha. Nilikuwa sitaki kula, wala kuongea, nimegeukia ukuta nangoja yaishe. Baada ya siku ile nikaomba chai. Tangu hapo natafuta cha kukupa, sikipati. Mchane mama mkwe wako kwa chanuo la mama yangu, na ukimaliza likae kwako.

Kifurushi anakuja nacho utingo wa basi. Barua hii nampa mkononi isije ikalowa mafuta.

Wabeja kwa siku ile. Ndilo neno pekee la Kisukuma ulilonifundisha, na bado ninalo.

Mwanne


Ngulyati
9 Juni 1995

Flora mwanangu,

Mwanne ni mtu. Kifurushi kimefika, barua hakuna, nadhani kazi zimembana. Nimeanza jana.

Kitana cha buluu kilivunjika kwenye fundo la kwanza, Ruksa akakimeza kipande, leo asubuhi nimekiona tena. Brashi ni nzuri kwa vumbi na mashuke ya nyasi. Mkasi ni mkali, nautumia kwa uoga. Lakini kuna chanuo moja jeusi la mbao, Flora, sijui amelitoa wapi. Linaingia kwenye fundo bila ugomvi. Ruksa, ambaye juzi alitaka kuning'ata, alifumba macho akalala ubavu. Nilimaliza upande mzima wa kushoto. Bibi yako alikuwa anatazama kivulini akauliza kama kesho nitamsuka na kumpaka wanja.

Niliingia ndani kuchukua maji, kurudi nikakuta amelitafuna mpini. Si sana, alama ya jino tu. Nimemkemea akajifanya hasikii.

Manyoya nayakusanya kwenye gunia na kuyachoma mbali na pamba. Masunga anapita, anatazama, anakwenda zake.

Mama yako


Maswa
17 Juni 1995

Mayu,

Nimesoma habari ya bibi na wanja, nikacheka mpaka karani mkuu akatoka ofisini kuja kuona.

Nimewauliza wapokeaji. Wanasema majani na vumbi mashine zinatoa, lakini nyoya la mnyama linaingia kwenye nyuzi na halitoki tena mpaka kwenye kitambaa. Kampuni zinaliogopa kuliko mchanga. Wanunuzi watatandaza pamba yenu kwenye turubai, watakaa upande wa jua, watapepeta kwa mikono. Na Ruksa ni mweusi, mayu. Linaonekana mara moja. Kumchana peke yake hakutoshi, atazidi kupukutisha mpaka msimu uishe. Itabidi apunguzwe kabisa.

Lingine ni la Mama Mwanne. Mwambie ukweli. Mtu mliyeugua naye pamoja, mkaonana mpaka mkojo, unamficha mbwa?

Msalimie bibi. Na Masunga mwambie auweke mkuki mahali pake, ananitisha nikiwa hukuhuku.

Flora wako


Ngulyati
20 Juni 1995

Flora,

Leo utingo amenisimamisha sokoni, akatoa barua kwenye mfuko wa shati. Alisahau. Imefuliwa nusu, lakini inasomeka.

Chanuo lile ni la marehemu mama yake Mwanne. Amelitoa kabatini kwa ajili ya bibi yako. Bibi yako ambaye ananyoa kipara tangu babu yenu afariki! Mwanne alidhani, nami nilimwacha adhani.

Nimekaa chini nalo mapajani. Alama ya jino ninaiona hata nikifumba macho. Sijui naanzia wapi.

Mama yako


Lamadi
21 Juni 1995

Dada Klementina,

Kimya kingi. Kifurushi kilifika? Bi Nyanjige alikubali kuchanwa?

Mwezi ujao nafika Bariadi kuchukua mzigo, na nimeshaamua kupitiliza mpaka Ngulyati. Nataka kumpaka mzee mafuta kichwani kwa mkono wangu mwenyewe. Nimemshonea na kilemba. Nikimwona amekaa uani anachanwa kwa chanuo la mama, nitakuwa nimemwona mama tena.

Mwanne


Ngulyati
26 Juni 1995

Mwanne,

Kalamu hii nimeishika na kuiweka tangu juzi. Naandika sasa kabla hujashona na gauni.

Mgonjwa wangu si mama mkwe. Mama mkwe ni mzima, na kichwani hana hata unywele mmoja. Vifaa niliviomba kwa ajili ya mbwa wangu, Ruksa. Manyoya yake yakiingia kwenye pamba, wanunuzi watatukatalia, na mwanangu Masunga amesema atamwua. Sikukutajia mbwa kwa sababu ya dini yako. Niliogopa utachukia.

Barua yako ilibaki mfukoni mwa utingo. Kifurushi kilinifikia peke yake. Nimemchana mbwa kwa chanuo la mama yako nikidhani ni la dukani. Na mpini ameutia jino. Sikukufanyia kusudi, lakini nilikuficha kwa kusudi, na hilo la pili ndilo lililozaa la kwanza.

Utasema mbwa tu, kwa nini mtu asumbuke hivyo. Ile siku niliyoletwa wodini, nilikwambia watu walinikuta shambani. Walinikuta kwa sababu yeye alikwenda barabarani akawabwekea mpaka wakamfuata. Hilo nalo sikukwambia. Nina deni la uhai kwa mnyama, na sasa nina la aibu kwako.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza nitaelewa.

Klementina


Lamadi
3 Julai 1995

Klementina,

Nimekupata.

Sikasiriki kwa sababu ya mbwa. Nimekasirika kwa sababu ulikaa ukaniamulia mimi ni mtu wa namna gani. Dini yangu imenikataza mate ya mbwa, haikunikataza kumwonea huruma. Ungesema ni mbwa, ningekuchagulia vya mbwa, na chanuo la mama lingebaki kabatini.

Naomba lirudi. Safari ya Ngulyati nimeiahirisha.

Mwanne


Ngulyati
8 Julai 1995

Mwanne,

Chanuo hili hapa. Mzee Maftaha wa duka la kona, Bariadi, ndiye aliyenielekeza jinsi kwenu inavyofanywa. Nimeliosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo niliuchukua mbali, juu ya kichuguu, mahali ambapo hakuna mnyama anayelala. Alama ya jino nimeshindwa kuiondoa. Nilitaka kulipiga msasa nikaogopa kuongeza kosa.

Kifurushi hiki sikumpa utingo. Nimemwomba katekista anayekwenda Lamadi akukabidhi mwenyewe.

Siombi kitu. Ruksa amebaki upande mmoja umechanwa, upande mmoja bado, anatembea ameinama kidogo. Mkasi peke yake unaniogopesha, juzi nilimkata ngozi ya kwapa. Kampuni wanakuja mwisho wa mwezi. Nitafanya nitakaloweza.

Klementina


Lamadi
13 Julai 1995

Klementina,

Hii si barua ya kupatana, ni barua ya vifaa.

Mpwa wangu Imrani ni kinyozi hapa stendi. Amenunua mashine mpya ya kunyolea, ya jenereta, vijana wote wamehamia huko, na ile yake ya zamani ya kubana kwa mkono ilikuwa inazeeka kwenye droo. Ni chuma cha kweli. Haitaki umeme, haitaki betri, na kwa kazi yako hakuna kifaa rahisi kitakachoishinda. Nimeichukua. Ni ya mbwa, na ibaki ya mbwa.

Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye meno kabla ya kuanza, na tena katikati, maana ikikauka inauma. Punguza kwanza kwa mkasi manyoya marefu, kisha mashine. Nenda kule manyoya yanakolalia. Vuta ngozi inyooke, hasa kwapani na tumboni, huko ngozi ni nyembamba. Usikandamize. Ikipata joto, pumzika, naye apumzike. Dawa ya kupe usimpake siku hiyohiyo, itamwunguza. Fanyia kazi upande ambao upepo hautoki hapo kwenda chumba cha pamba.

Chanuo limefika.

Mwanne


Ngulyati
27 Julai 1995

Mdogo wangu Mwanne,

Nakuandikia yote tangu mwanzo, nisije nikasahau hata moja.

Mashine ilipofika nilimtoa Ruksa nyuma ya nyumba, nikamlaza kwenye gunia. Nikagundua mikono haitoshi: mmoja wa mashine, mmoja wa kuvuta ngozi, wa kumshika kichwa haupo. Masunga alikuwa anapita na jembe. Alisimama, akatazama, akaweka jembe chini, akachuchumaa akamshika.

Manyoya yalitoka kama blanketi linalovuliwa. Ndani yake kulikuwa na mbwa mdogo, mwembamba, sijawahi kumwona. Masunga akasema, "Mayu, kumbe siku zote namchukia mbwa wa kiasi hiki?" Tukacheka kidogo. Halafu tulipofika begani tukakuta kovu refu. Nyuma yake, juu ya mbavu, jingine. Masunga akauliza nani alimpiga mbwa wetu. Mimi sikujua.

Generoza, jirani yetu, alikuwa amekuja kuazima ungo. Ni mmoja wa wale wanawake waliotoka mnadani siku ile. Aliyaona makovu, akakaa chini bila kukaribishwa. Akasema: "Ni sisi. Alitujia anabweka tukajua ana kichaa. Tukampiga mawe akaanguka. Akainuka, akakimbia kuelekea shambani, akarudi. Tukampiga tena. Akarudi tena damu inamtoka. Ndipo nikawaambia wenzangu, huyu mbwa ana mtu huko." Mwaka mzima hawakuniambia, waliona aibu. Na yale manyoya yalikuwa yamefunika kila kitu.

Masunga aliniomba mashine. Akammaliza yeye mwenyewe, taratibu kuliko mimi, akiweka mafuta kila mara kama ulivyoandika. Jioni yake niliona ukutani hakuna mkuki. Umerudi kwenye paa.

Baada ya hapo tuliichambua pamba yote upya, uani, mimi, Generoza na mke wa Masunga. Jana kampuni wamekuja. Yule mnunuzi alitandaza turubai, akakaa upande wa jua, akachota pamba yetu, akaipepeta, akaisogeza karibu na macho. Nikamshika Generoza mkono. Hakuona kitu. Akasema, "Safi," akasogea kwenye gunia jingine, akasema tena hivyohivyo mpaka mwisho. Alipokuwa anafunga turubai akamwona Ruksa amelala chini ya lori, kipara kitupu, akauliza yule ni mnyama gani. Masunga akamjibu, "Ndiye mlinzi wa pamba uliyonunua." Na alisema kwa sauti, watu wote wakasikia.

Mwanne, nimeshukuru watu wengi maishani, lakini wewe sijui nikushukuruje. Ulinisaidia ukiwa bado umenikasirikia. Wengine husubiri hasira iishe kwanza, na hadi iishe mtu ameshapotea. Umemwokoa Ruksa kwa mkono wako, wewe usiyeweza hata kumgusa. Sina cha kukurudishia. Choroko zinakuja kwa mkono wa katekista, lakini choroko si kitu.

Dada yako, kama bado,
Klementina


Lamadi
4 Agosti 1995

Dada Klementina,

Barua yako niliisoma nikafika pale kwa Generoza, nikafunga duka mchana kweupe. Imrani akaja kuuliza nimefiwa na nani.

Nilikuwa nimekosea mwanzo wa mambo. Siku zote nilidhani bahati yangu ilianza ulipoinuka kutoka kitanda cha dirishani. Haikuanzia pale. Ilianzia barabarani kwenu, kwenye mvua, mbwa amepigwa mawe akainuka akarudi. Angekimbilia nyumbani kulamba vidonda vyake, na nani angemlaumu, wewe usingeletwa wodini. Kitanda cha dirishani kingekuwa kitupu. Mimi ningeendelea kuutazama ule ukuta, na unajua nilikuwa naelekea wapi. Vidole vilivyonifungua nywele yeye ndiye aliyeniletea.

Halafu nimekaa hapa mwezi mzima nimenuna kwa sababu amechanwa kwa chanuo la mama! Mama angejua habari hii angeliosha mara saba, angesema yameisha, na angempelekea maji ya kunywa.

Nililiosha tena mwenyewe. Si kwamba sikukuamini, ni kitu cha mama, mkono ulitaka. Ile alama ya jino kwenye mpini imekaa mahali ambapo kidole gumba kinashika. Nimeshaizoea. Ukiipiga msasa tutagombana upya.

Alhamisi nakuja. Kilemba cha Bi Nyanjige nakuja nacho vilevile, asiye na nywele ndiye anayekihitaji zaidi. Na chanuo nakuja nalo. Nywele zangu zimerefuka, sijamruhusu mtu kuzigusa. Utanichana uani, nikiwa mzima safari hii. Uji wako sitakunywa.

Ruksa usimfunge. Mwache akae palepale barabarani basi linaposimama, nikishuka awe wa kwanza kumwona. Sitamgusa, naye mwambie asinirukie, nitakuwa na udhu. Nitasimama tu mbele yake nimwambie wabeja. Asante ya Kiswahili huenda haijui.

Mdogo wako,
Mwanne